Kikombe cha Kwanza kwa Mzee Hamduni

Jumanne, 3 Julai 1984

Funga imekwisha, kahawa ya alfajiri imerudi. Alhamdulillahi! Nimetoka msikitini moja kwa moja hadi barazani kwa Mzee Hamduni, hatua arobaini kutoka kwenye cherehani yangu. Upepo wa ziwa baridi, makaa mekundu, dele la kahawa linafuka. Musoma nzima haina raha kama hii.

Desturi inajulikana. Kikombe cha kwanza ni cha mwenye habari mpya. Wengine hufuata kwa mpangilio wa benchi, na wa mwisho anakunywa mashapo. Miaka minne kikombe cha kwanza ni changu, maana redio ninayo. Leo nimemkuta Machage, mnunuzi wa ng'ombe, kakalia nafasi yangu! Karudi kutoka Sirari, mpakani, na redio kaseti na betri mpya nane. Zangu ziko juu ya bati tangu wiki iliyopita, nimezianika zipate nguvu. Kasimulia habari za dunia nzima. Mimi nimepewa cha pili. Kichungu.

Jumatano, 4 Julai

Nimepasha betri moto jikoni. Redio imekohoa neno moja, "Dodoma", ikazima. Nimewatangazia barazani kwamba Dodoma kuna jambo. Machage akauliza jambo gani. Nikasema kubwa. Wamecheka mpaka dele likatikisika. Nimeshushwa nafasi ya tatu.

Mke wangu Mwanaupe anasema kahawa ni ile ile, kikombe chochote. Huyu hajui baraza. Anasema pia nina wivu. Ndiyo, ninao! Mtu akiibiwa afurahi?

Alhamisi, 5 Julai

Leo nimewapata. Nimetangaza kwamba kesho sukari inashushwa Bunda, duka la nyuma ya soko. Habari hiyo nimeitunga nikifunga kamba za viatu. Baraza zima likanigeukia. Sukari! Miezi miwili Mzee Hamduni hajapika kashata, tunashushia karanga tupu. Kikombe cha kwanza kikarudi mkononi mwangu, kitamu ajabu.

Mpango wangu ni huu. Machage na tamaa yake atakwenda Bunda, atakuta patupu, atachekwa. Nikiulizwa, nitasema lori la sukari limekwama njiani. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Ijumaa, 6 Julai

Nimetangulia barazani. Hakuna mtu. Makaa hayajawashwa. Yunusu muuza mkaa alikuwa anapita, akaniambia wote wamepanda lori la Machage kwenda Bunda. Mzee Hamduni kakaa mbele na dereva, dele mapajani. Mwanaupe naye yumo! Mimi nikidhani yuko bombani. Nimekalia nafasi ya kwanza peke yangu hadi jua likapanda. Hakuna hata aliyeniona.

Wamerudi alasiri wakiimba. Eti mwenye duka aliona lori limejaa watu, na Machage mbele kavaa koti la kijeshi, akadhani ni msako wa walanguzi. Akafungua stoo, akatoa magunia aliyoyaficha, akauza kwa bei halali huku akiapa kwamba yameshushwa asubuhi hii hii. Koti tu! Mwanaupe kaleta kilo mbili. Anasema shemeji Machage ndiye aliyempitisha mbele kwenye foleni. Shemeji tangu lini?

Jumamosi, 7 Julai. Sabasaba

Kashata zimepikwa. Machage kapewa kikombe cha kwanza na kashata mbili. Nimeshindwa kuvumilia. Nikawakumbusha kwamba habari ya sukari niliileta mimi. Machage akajibu kwa upole kwamba habari wanaletaga wengi, lakini lori lilikuwa moja. Wakampigia makofi.

Basi nikasimama, nikasema kweli yote. Redio haikusema kitu. Nimeitunga mwenyewe, kwa kichwa changu, kwa hiyo sukari ile ni yangu mara mbili! Nilingoja makofi. Mzee Hamduni akauliza taratibu kama nilimtoa yeye, na magoti yake mabovu, hadi Bunda kwa uongo. Nikasema ndiyo, tena uongo wenye faida. Akanionyesha mwisho wa benchi.

Jumapili, 8 Julai

Nimeamka nimetubu. Wivu humla mwenyewe kwanza, nimeona. Nimekaa mwisho wa benchi, nimepokea mashapo kwa moyo mweupe. Nikamwomba radhi Mzee, nikampa mkono hata Machage. Nilijisikia mwepesi kabisa.

Ndipo nikaona kikombe cha jirani yangu Clementi, fundi viatu, wa pili kutoka mwisho. Kahawa safi! Haina hata chembe ya mashapo! Clementi hana redio, hana lori, hajawahi kuleta habari hata ya msiba. Kwa nini yeye?

Nimemwinamia sikioni. Nimemwambia nimesikia mafuta ya taa yanashushwa Guta kesho alfajiri, aende peke yake, asimwambie mtu. Amenishukuru sana.