Doa Na. 7

Jumatatu, 3 Machi
Nimepeleka barua ya ofisi zahanati, nikaokota kipeperushi mapokezi. Kosa kubwa. Kinasema kila mtu ajikague ngozi mara moja kwa mwezi, toka utosini hadi unyayoni. Atafute doa lisilolingana pande zote, lenye kingo zilizochongoka, lenye rangi zaidi ya moja, lililozidi kitako cha penseli, au linalobadilika. Saratani! Chakula cha mchana hakikupita.

Jioni nimejifungia bafuni na kioo, rula na penseli. Madoa kumi na moja. Nimeyafungulia jalada, kila doa na ukurasa wake. La mgongoni silioni, nikamwomba Shangazi, ninayeishi kwake, alitazame. Amesema nilizaliwa nalo, baba yangu analo, na kama nimemaliza kuoga niwapishe wengine. Nimeandika: ushahidi wa mdomo tu, haujathibitishwa.

Jumanne, 4 Machi
Nimehesabu upya. Kumi na matatu! Ama yanazaliana, ama mengine nimeyahesabu mara mbili. Masjala kwetu barua ikiingia hupigwa muhuri ili isipokelewe mara mbili. Kwa nini ngozi isiwe hivyo?

Nimemwendea Bwana Mihuri, karani mwenzangu anayetunza mihuri ya ofisi utadhani ameitaga yeye. Ameuliza wino wa nini. Nimesema kazi maalumu. Amenikazia macho, kisha akanidondoshea tone moja la zambarau kwenye kifuniko. Choyo! Lakini limetosha. Kila doa limepata nukta yake pembeni. Kumi na moja kamili. Leo nitalala fofofo.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwisha. Doa Na. 7, la tumboni, limetanuka. Juzi milimita nne, leo kumi na nne. Kingo zimechongoka. Rangi mbili, nyeusi na zambarau. Jasho likanitoka, na kadiri lilivyonitoka ndivyo doa lilivyozidi kutanuka mbele ya macho yangu!

Nimemwandikia Mkuu wa Masjala. Yeye ni mama mtu mzima, sikuthubutu kutaja tumbo. Nimeandika: "Nimegundua doa lililofichika kwa muda mrefu. Naomba ruhusa ya siku moja nilishughulikie kabla halijasambaa."

Ameisoma mara mbili. Amefunga mlango. Ameuliza kwa sauti ya chini nani mwingine anajua. Nimesema Shangazi. Ameshika kichwa, akauliza doa lenyewe liko upande gani. Nimesema katikati, chini kidogo. Kumbe meza ya Bwana Mihuri iko katikati, chini ya dirisha. Akaitwa. Kabla hajaulizwa neno amekiri kwamba tangu Januari anagonga mihuri kwenye barua bila kuzisoma, akaomba asamehewe kwa ajili ya mama yake mzazi.

Nimeona mambo yanaharibika, nikapandisha shati. Mkuu ameniamuru nilishushe, na kesho niende zahanati au popote pengine, mradi si hapa. Bwana Mihuri hasemi nami.

Alhamisi, 6 Machi
Muuguzi amechovya pamba kwenye spiriti, akapitisha mara moja juu ya Doa Na. 7. Akanionyesha pamba.

"Kaka," amesema, "huu ni wino."

Nimeuliza kama hiyo ni dalili nzuri. Amesema ni dalili ya kazi ya ofisini. Ameyakagua yote kumi na moja, hakuna la kutisha. Halafu akauliza: nyayo je? Viganja? Chini ya kucha? Kwa ngozi kama zetu, amesema, mara nyingi ugonjwa huu hujificha huko, jua lisikofika. Nimepekua jalada. Nyayo hazina ukurasa! Nimevua viatu kwa aibu, soksi moja ina tundu. Nyayo safi. Amesema nikawakague na wa nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemkuta Shangazi sebuleni, miguu juu ya kigoda. Nimepiga magoti na tochi na rula. Ameuliza kama nimerukwa na akili. Kisigino cha kushoto kina plasta. Amesema ni kiatu kinambana. Tangu lini? Tangu mwaka jana.

Chini ya plasta kuna doa jeusi. Kingo zimechongoka. Rangi mbili. Nimeshukuru, maana dawa yake naijua. Nimechovya pamba, nimefuta. Halikutoka. Nimefuta tena. Halikutoka.

Sikuandika kipimo.

Jumatatu, 10 Machi
Shangazi hataki hospitali, hana muda wa kupoteza kwa ajili ya kiatu. Nimebuni hila: nimemwambia anayeitwa na daktari ni mimi, na naogopa kwenda peke yangu. Nilipanga kujifanya natetemeka. Sikuhitaji kujifanya. Amenishika mkono kama siku aliyonipeleka darasa la kwanza, akinung'unika njia nzima.

Kwa daktari nimemvua kiatu yeye. Ameniita mwongo mkubwa mbele ya wagonjwa wote. Lakini amekaa. Kipande kimekatwa, kimepelekwa kupimwa. Majibu baada ya wiki mbili.

Jumatatu, 24 Machi
Ni saratani. Changa, haijazama ndani. Alhamisi wataikata yote. Daktari amesema tumewahi.

Tulipofika mlangoni, Shangazi amenishika mkono. Kisha: "Uoga wako, baba, kumbe nao una kazi."

Nimejifungia bafuni. Si kujikagua.

Ijumaa, 4 Aprili
Kisigino kimeshonwa vizuri, hakikubaki kitu. Shangazi ananituma kutoka kitini kama mkuu wa jeshi. Ofisini Bwana Mihuri sasa anasoma kila barua kwa sauti, mpaka tarehe. Wino ameufungia.

Mwezi umetimia, nimejikagua tena. Mara hii nyayo zina ukurasa, na kosa la zambarau halirudiwi. Nimejinunulia wino wangu mwenyewe, wa kijani.

Saa kumi na mbili jioni. Doa Na. 4, la kwapani, limetanuka na lina ukingo wa kijani. Kipeperushi hakitaji kijani popote! Barua kwa Mkuu iko tayari. Ili asielewe vibaya tena, nimeandika waziwazi: doa jipya, tofauti na lile la Bwana Mihuri.