KUH: Kukatazwa Kutoboa Betri Iliyofura

Kwa Mwenyekiti,
Ushirika wetu wa Majani Chai na Maziwa.

Mheshimiwa Bwana Kipyegon,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa kwangu. Natumaini hujambo, mama watoto hajambo, na yule ndama niliyemvuta kwa mikono yangu mwaka juzi amekuwa ng'ombe wa maana. Sisi hapa ni wazima wote isipokuwa heshima yangu, ambayo iliumizwa Jumanne iliyopita saa nne asubuhi, mbele ya watu kumi na wawili waliopanga mstari kupeleka maziwa.

Wewe unanijua. Nilikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo kwa miaka thelathini na moja, na kutoka Kaplong mpaka Mulot watu huniita Daktari bila kulazimishwa. Ng'ombe akivamia kabichi za watu akafura tumbo, hawaiti mtu wa kompyuta. Wananiita mimi. Nafika na chuma changu cha kutobolea, napima kiganja kimoja kutoka kwenye mbavu, upande wa kushoto, natoboa, hewa inatoka, na ng'ombe anaanza kucheua kama hakuna kilichotokea. Nimetoboa ng'ombe mia mbili na kumi na wanne. Waliokufa ni watatu tu, na wawili kati yao nilikuta wameshakufa.

Sasa sikiliza maajabu. Ushirika ulileta ile droni ya kunyunyizia majani chai mbolea ya maji, mkamwajiri Chepkirui aiendeshe. Chepkirui ni binti ya marehemu kaka yangu. Mimi na mke wangu Janeffer ndio tuliomlea, na ananiita Baba. Alipokuwa mdogo ndiye aliyenishikia kamba ya ng'ombe nikitoboa, na hakuwahi kufunga macho hata siku moja. Ndiyo maana jambo hili limeniuma kuliko ambavyo lingeniuma likitoka kwa mtoto wa mtu mwingine.

Wiki mbili zilizopita droni iligonga mti wa grevilea shambani kwa Opiyo, ikaanguka. Betri yake, ambayo ni kubwa kama tofali, ilipinda kona moja, na siku ya tatu ikafura. Imefura, Mwenyekiti! Hata mtoto wa nasari anajua kitu kilichofura kina nini ndani. Kina hewa, na hewa inatolewa. Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Jumanne nilifika na chuma changu, nimekichemsha na kukipangusa kwa spiriti, tayari kuisaidia mali ya ushirika bure. Chepkirui akasimama katikati, akanyoosha mkono, akaniambia eti nisiiguse, hiyo si ng'ombe. Atuti wa mizani akacheka mpaka akamwaga maziwa ya wenyewe. Kwani nani alisema ni ng'ombe? Ng'ombe ana mkia. Nimeona.

2. Nilimuuliza kwa upole, kama haitobolewi, basi inatibiwa vipi? Akanisomea orodha. Haichajiwi tena. Haitobolewi, haifinywi, haifunguliwi. Haitupwi shimoni na takataka, wala haichomwi. Inawekwa peke yake ndani ya sanduku la chuma lenye mchanga mkavu, nje, mbali na nyumba na chochote kinachoshika moto, mpaka gari la wanaokusanya taka za umeme lije kutoka Nakuru. Miaka thelathini na moja sijasikia mgonjwa anayetibiwa kwa kufukiwa mchangani na kuachwa. Kwetu hayo ni mazishi, na hata mazishi yana chai.

3. Mchanga mkavu! Katika nchi hii ambayo mvua inaingia kazini saa nane kila siku bila kukosa, kuliko wafanyakazi wako! Aliuanika kwenye turubai langu la mahindi siku tatu, halafu akalijengea sanduku kibanda chenye bati jipya. Betri iliyokufa inalala pakavu. Ndama wangu ananyeshewa.

4. Amefunga utepe mwekundu kuzunguka kibanda hicho, hatua kumi na tano kutoka kilipo. Kila mtu anazunguka. Mwinjilisti mwenyewe alizunguka, na yule hazunguki hata mbwa mkali.

5. Anatisha watu. Anasema betri kama hiyo inaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti, kwamba moshi wake ni sumu, na kwamba ukidhani moto umezima, unarudi. Jameni! Kama kuna moto usiohitaji kiberiti, mbona Janeffer anahangaika na kuni mbichi kila asubuhi? Si apewe betri?

6. Na hili ndilo baya kuliko yote. Alhamisi ng'ombe wa Seth, mtoto wa Opiyo, alifura. Unajua Seth alimuuliza nani kwanza? Chepkirui! Ati je, ni salama kumtoboa? Naye akamjibu aniite mimi mbio, kwamba kwa ng'ombe hakuna anayenishinda. Yaani siku hizi ananipangia kazi. Nilienda, nikatoboa, ng'ombe akapona, lakini nilirudi nyumbani nimenuna.

7. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, kamati iamue kabla ya mkutano mkuu kwamba Chepkirui aondolewe kwenye droni apelekwe kusafisha mikebe ya maziwa, ambayo haifuri; lile sanduku liwekwe chumvi ya ng'ombe; na kila betri itakayofura nikabidhiwe mimi.

Ili usiseme naropoka tu, nimechukua hatua. Leo asubuhi Chepkirui akiwa shambani, nilivuka ule utepe nikaitoa betri. Sanduku halina kufuli. Anawaamini watu, sijui alijifunzia wapi. Naandika nikiwa bandani kwangu, nimekalia debe, kwa sababu Janeffer amekataa iingie nyumbani. Naye pia amelishwa maneno. Nimeilaza juu ya nyasi kavu, mahali laini, inavyostahili mgonjwa. Ng'ombe wangu watatu wananitazama. Nikishatia sahihi nitaitoboa, na matokeo nitakuandikia hapo chini, ili kamati nzima ijue nani ni fundi na nani ana utepe.

Nisalimie mama watoto, kamati yote, kwaya, mlinzi wa geti, na hata Atuti, ingawa hastahili.

Wako mwaminifu, ambaye hajawahi kuogopa kitu kilichofura,

Daktari Kiptum (Mstaafu)

N.B. Matokeo. Hewa ilitoka.

Banda halipo. Ng'ombe wote watatu wapo. Chepkirui alikuwa amekuta sanduku tupu, na hakuuliza mtu. Alijua ni mimi, akaja mbio kupitia katikati ya majani chai. Moto ulikuwa umeshashika nyasi. Hakukimbilia betri. Alikata kamba za ng'ombe wawili, akanishika shati akanivuta nje pamoja na Tabitha, ng'ombe wa tatu, maana nilikuwa nimeing'ang'ania kamba yake na sikuona mlango kwa moshi. Akawazuia majirani wasiusogelee ule moshi. Moto ulipozima tuliimba wimbo wa shukrani. Tulipofika ubeti wa pili, moto ukarudi.

Naandika haya nikiwa hatua kumi na tano. Nimezihesabu mwenyewe. Ameniambia nisisogee mpaka atakaposema, na nimekaa. Mkono wangu wa kulia umefungwa kitambaa, kwa hiyo samahani kwa mwandiko.

Namba 1 mpaka 5 zifute. Namba 7 ichome, lakini chomea nje. Nilitaka kuichana barua yote, ila Chepkirui ameisoma kuanzia juu mpaka chini, kisha akasema itumwe hivi hivi, isomwe mkutano mkuu, ili mwingine asitoboe. Akienda Nakuru kuuliza habari za lile gari, mtanikuta kwenye utepe nikilinda.

Namba 6 iache. Nilikuwa naikasirikia tu. Leo mimi ndiye niliyeshika kamba na yeye ndiye aliyefanya kazi, na kusema kweli, Mwenyekiti, mimi nilifunga macho.