Ngao Saba na Kinyozi Mmoja

Jumatatu, 3 Juni
Nimeporwa tena! Chumba cha nyuma cha duka la mke wangu la ushonaji, meza ile ile ya kukatia vitambaa, mporaji yule yule: Kinyozi wa duka la jirani. Mchezo wenyewe rahisi. Unanunua karata, unazichanganya kwenye fungu lako, kila zamu unavuta tano. Lakini Kinyozi akiweka karata ya Mporaji, sisi wengine tunabaki na tatu tatu mkononi. Mbili unatupa. Na anapora huku akimwambia mke wangu samahani shemeji. Shemeji, shemeji, kila karata shemeji! Mke wangu anacheka mpaka anashika mbavu. Jumamosi kuna mashindano ya wawili wawili, na amesema Ijumaa atachagua wa kucheza naye: mimi au Kinyozi. Mume wa ndoa nashindanishwa na mkasi! Roho inaniuma, sifichi.

Jumanne, 4 Juni
Dawa imepatikana. Karata ya Ngao: ukiionyesha, huporwi. Nikanunua saba. Saba! Kinyozi akapora, nikamwonyesha Ngao tano kwa mpigo. Halafu ikafika zamu yangu. Kumbe Ngao hainunui kitu. Nikakaa nazo mkononi kama mpita njia. Mke wangu akauliza kama nimekuja kucheza au kulinda geti. Kinyozi alicheka kupita kiasi.

Alhamisi, 6 Juni
Mama mkwe kanihurumia. Kasema Ngao moja yatosha, na kuporwa kusinitie hofu: nitupe Makapi, zile karata zisizofaa kitu, nibaki na Kisima, kinachoniruhusu kuvuta mbili zaidi. Hapo mporaji atakuwa kanitolea takataka tu. Tukajaribu jikoni, nikamfunga mara mbili. Mke wangu akasema kumbe mume wangu ana akili. Nikamwomba arudie. Akarudia!

Ijumaa, 7 Juni
Siku ya mchujo. Mkononi nina Kisima, Dhahabu mbili za kununulia, Makapi mawili. Kinyozi akaweka Mporaji. Moyoni nikasema karibu ndugu yangu, zoa takataka. Hapo hapo mke wangu akainama kumtoa Kinyozi uzi begani. Uzi gani? Umefikaje pale? Nikatupa karata mbili macho yakiwa kwenye bega. Kuja kushtuka, Kisima na Dhahabu moja ziko mezani. Nikaomba nizirudishe. Mke wangu akasema iliyotupwa imetupwa. Kinyozi kanishinda vibaya.

Jumamosi, 8 Juni
Hakumchagua Kinyozi! Wala mimi. Kacheza na mama yake, na wameshinda. Mimi na Kinyozi tukawekwa benchi moja la watazamaji. Akaniambia kwa upole kwamba mchezo naujua vizuri, ila natazama watu badala ya karata zangu. Maneno yake sikuyasikia yote. Nilikuwa nahesabu mke wangu kamkumbatia mama mkwe mara ngapi. Nne. Mimi, tangu Januari, mbili.