Waimbaji Kumi na Wanne Badala ya Balbu

Jumatano, tarehe 11

Tangazo limebandikwa kwenye nguzo. Jumamosi umeme utakatwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Mtaa mzima umenuna. Mimi nimefurahi hadi nikaona aibu, nikaingia ndani.

Sababu ni mashine ya Shangazi ya kutotolesha vifaranga, iliyoko stoo. Ni kabati la nguo lililostaafu, lenye balbu moja ya wati mia na mayai mia na ishirini. Leo yametimiza siku kumi na tano. Yakipoa kabla ya siku ya ishirini na moja, kwisha habari yake. Shangazi ametangaza kwamba atakayeyavusha Jumamosi atapewa ufunguo wa stoo na usimamizi wa mashine. Nikishindwa mimi, Jumatatu naanza kuosha vichwa saluni kwake. Amesema digrii ya fizikia imekaa kwenye kochi miezi saba, sasa hata kochi limeelimika.

Mpinzani: Volti, binamu yangu, mtoto wa Shangazi, fundi umeme. Yeye ndiye aliyeligeuza kabati kuwa mashine, kwa hiyo anajiona baba wa mayai. Hesabu hajui. Joto hulipima kwa kiwiko.

Alhamisi, tarehe 12

Nimekokotoa tangu chai ya asubuhi. Chai imepoa. (Kilokalori kumi na mbili zimepotea hewani. Sikujali.)

Wati mia kwa saa nane ni kilowati-saa sifuri nukta nane. Kilowati-saa moja ni jouli milioni tatu na laki sita. Kwa hiyo mayai yanadai jouli milioni mbili na laki nane na themanini elfu. Gawanya kwa 4,186. Kilokalori 688, kamili kabisa! Nimepigia mstari mara mbili, karatasi ikachanika.

Volti amependekeza madumu ya maji moto na blanketi. Nilimuuliza ni kilokalori ngapi. Akajibu kwamba ni madumu matatu. Nilicheka peke yangu hadi jikoni.

Baadaye, nikiwa nimekaa stoo nikitafakari, niliona kioo cha dirisha kimeingia ukungu. Ukungu wangu. Moyo ulinipasuka kwa raha. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la wati kama mia. Mimi ni balbu! Miaka ishirini na minne nimekuwa nikiwaka na hakuna aliyeniambia.

Ijumaa, tarehe 13

Nimefanya jaribio. Nimekaa mbele ya kabati nusu saa, mlango wake wazi, nikiyaelekea mayai kwa moyo mmoja. Kipimajoto kimeshuka kwa nyuzi mbili. Shangazi aliingia akauliza kama nayasomea. Nimefunga mlango wa kabati haraka.

Nimeliona kosa. Mtu hutoa joto pande zote, hata mgongoni, na mgongoni hakuna mayai. Dawa ni watu wengi.

Kwaya ya mtaa ina watu kumi na wanne na haina mahali pa mazoezi. Nimemwendea kiongozi wao, mshona viatu mwenye sauti nzito, nikamwambia stoo yetu ina mwangwi wa ajabu. Haina, ina magunia. Amekubali papo hapo. Watu kumi na wanne mara wati mia ni wati elfu moja na mia nne. Balbu kumi na nne! Na wakiimba huku wamesimama, zaidi.

Nimeziba dirisha kwa gazeti na gundi. Nimeung'oa mlango wa kabati ili joto la kwaya liingie. Volti alipita, akautazama mlango ukiwa sakafuni, akaenda zake. Wivu.

Jumamosi, tarehe 14

Saa mbili. Umeme umekatika kwa wakati, jambo la kihistoria. Kwaya imeingia. Mlangoni niliwauliza uzito wao kwa ajili ya daftari. Mwanamama wa sauti ya kwanza alinijibu kwamba uzito wake kinaujua kitanda chake. Nimemwandikia wati mia na ishirini, kwa kukisia.

Saa mbili na nusu. Wanatiririka jasho. Chumba kinapanda. Ubeti wa tatu umeongeza nyuzi nzima. Sijawahi kuwa na furaha kama hii, hata siku ya mahafali.

Saa tatu. Sauti ya kwanza amesema anaona nyota. Mshona viatu amesema mwangwi hausikii, anasikia harufu tu. Nikawaomba ubeti mmoja zaidi kwa ajili ya viumbe ambao hawajazaliwa.

Saa tatu na dakika tano. Wamechana gazeti, wamefungua dirisha, wamefungua mlango. Wati elfu moja na mia nne zimetoka kwenda kivulini kunywa maji. Nimebaki mimi, wati mia, na kabati lisilo na mlango. Nyuzi thelathini na nne na zinashuka. Hili halikuwamo kwenye mlinganyo: balbu haifungui dirisha.

Saa tatu na nusu. Volti ameingia na dumu moja, blanketi mbili na bisibisi. Amerudisha mlango, ameweka dumu, amefunika. Saa kumi jioni naandika haya: la pili alileta saa sita, la tatu saa nane na robo. Nilimuuliza amejuaje muda. Akasema ameweka kiwiko.

Jumanne, tarehe 17

Vifaranga tisini na saba! Stoo nzima inapiga kelele. Nimelia kidogo, nikisingizia manyoya. Shangazi amempa Volti ufunguo mbele ya watu wote. Damu ni nzito kuliko maji, hata maji yakiwa na nyuzi themanini na tano.

Lakini nimepiga hesabu yake kwa haki. Madumu matatu ni lita kumi na tano, kutoka nyuzi themanini na tano hadi arobaini: kilokalori 675. Zilihitajika 688. Zimepungua kumi na tatu! Hizo zilitoka kwa kwaya. Kwa maneno mengine, nimeyaokoa mimi. Nilimweleza Volti kwa upole. Ameninyooshea kifaranga nikishike, akaniambia hiki ndicho cha zile kumi na tatu.

Jumatano, tarehe 18

Siku ya tatu saluni. Nimeosha vichwa tisa. Mwenye kichwa cha nne alilalamika kwamba namsugua kama sufuria.

Nilikuwa nimekata tamaa kabisa hadi saa tano, nilipoinua macho. Vikaushio vitatu vya nywele, kila kimoja wati elfu moja na mia mbili, vinapuliza joto juu ya wanawake watatu waliokaa kimya saa nzima. Kilowati-saa tatu nukta sita. Jouli karibu milioni kumi na tatu! Zote zinaishia kwenye nywele.

Mayai sita mapajani kwa kila mteja, chini ya taulo. Shangazi sijamwambia. Wateja pia bado. Nimekwisha chukua mayai kumi na manane jikoni, yako kwenye mkoba wangu. Na safari hii nimejifunza: mtu aliye chini ya kikaushio hawezi kulifikia dirisha.