Chungu cha Umeme cha Kajetani

Jumamosi moja ya masika, miaka ile ya ruksa, Lidwina, yaani Mama Beda, alikuwa akichochea moto chini ya sufuria lake la mahindi ya kuuza, barazani kwa Kajetani, mtaa wa Lizaboni mjini Songea, Hironimus alipofika na habari. Kijiweni walimwita Redio, maana habari ya mchana yeye huwa nayo tangu asubuhi. Safari hii alisema biashara ya mahindi imeachiwa kabisa: mtu yeyote anunue, auze, apeleke atakako.

"Na kupika nako je?" aliuliza Kajetani kutoka dukani.

Huyu alikuwa mtunza ghala wa ushirika mpaka wafanyakazi walipopunguzwa, akafungua duka na kujibandika jina la Mwekezaji. Aliingia ndani, akatoka amekumbatia dude la duara: nje bati lenye maua, ndani chungu cha udongo, juu mfuniko wa kioo, na waya unaning'inia kama mkia wa panya. Shemeji yake alikuwa amelipata Dar es Salaam kwenye mitumba. Akawaeleza kwamba unatia mahindi mabichi na maji kidogo, unachomeka, unaenda zako. Hakuna kuni, hakuna moshi. Yanaiva yenyewe polepole, kufikia jioni.

Mwalimu Ramson, mtu wa Tukuyu aliyehamishiwa Songea akanogewa na kijiwe kuliko shule, alivua miwani. Alitaka kujua kama Wazungu walihangaika na reli, na ndege, na kwenda mwezini, ili hatimaye waje kupika polepole.

"Polepole ndiko kwenye utamu, Mwalimu. Haraka haraka haina baraka."

"Mke wangu anapika hivyo miaka yote. Kumbe nimeoa Mzungu."

Redio alicheka mpaka akashika nguzo. Akasema hili soko huria limepita kiasi: hata kuchelewa sasa kunaletwa kutoka nje, wakati sisi tunako tele na tungeweza kuwauzia.

Lidwina naye alicheka, ila kicheko kilimkwama Kajetani alipoongeza kwamba kuanzia Jumatatu mahindi ya hapo yatatoka kwenye chungu hiki, kwa hiyo Mama Beda atafute mahali pengine pa kuweka mafiga yake; moshi umemharibia ukuta. Alilisema kwa upole, kama mtu anayetoa pole msibani. Baraza lile ndilo lililomlelea Lidwina watoto. Aliongeza kuni.

Chungu kikachomekwa, wanaume wakakizunguka. Kajetani akatangaza kwamba jioni watakula bure, lakini atakayeonekana na hindi la moshi atakuwa amesaliti maendeleo.

Muda ukayoyoma. Mwalimu aligusa chungu, akasema hata kuku anayeatamia ana joto kuliko hicho. Redio alishauri wakiimbie kidogo, huenda kinaona haya. Upande wa pili sufuria la Lidwina lilikuwa likitokota, na upepo, bila kutumwa na mtu, ukawapelekea harufu.

Wa kwanza alikuwa Redio. Alisema anafuata tumbaku, akazunguka nyuma ya duka, akamwonyesha Lidwina kidole kimoja, yaani hindi moja, na kumwomba kwa macho asimtaje. Mwalimu naye akakumbuka madaftari ya wanafunzi; akala amesimama nyuma ya mgomba, kisha akalifukia gunzi. Mwishowe akatokea Kajetani mwenyewe, ameinama kama mwizi wa kuku.

"Nipe mawili," alinong'ona. "Si ya kula. Ya kulinganisha."

Akayalinganisha pale pale, yakabaki magunzi. Wapita njia wakamaliza yaliyosalia sufuriani, na Lidwina, kwa kuhudumia watu, alikuwa hajatia kitu kinywani tangu chai ya asubuhi.

Jioni, wingu likijikusanya juu ya milima ya Matogoro, Kajetani alifunua mfuniko. Umeme ulikuwa haujakatika siku nzima, jambo lililostahili misa ya shukrani. Mvuke ukapanda, mahindi yakaonekana yametuna na kung'aa. Wote wakayasifu, hakuna aliyenyoosha mkono. Redio alisema jino limeanza kumsumbua. Mwalimu alisema atangulie mwenye chungu. Mwenye chungu akasema kwao baba hali kabla ya wageni.

Lidwina akachukua moja. Mchana kutwa alikuwa amemwomba Mungu yatoke mabichi. Yalikuwa laini, matamu mpaka kwenye gunzi. Akamaliza, akachukua la pili.

"Sema kweli, Mama Beda," Kajetani alimwambia.

"Matamu. Yangu hayafiki hapa." Kajetani akanyoosha mgongo. "Kasoro yake moja tu. Walaji wake wanashibia kwangu."

Kajetani alishika kiuno, akauliza kwa sauti ya mwenyekiti wa mkutano, ni nani huyo msaliti. Redio akaanza kuchunguza kandambili zake. Mwalimu akafuta miwani iliyokuwa safi.

"Niwataje wote," aliuliza Lidwina, akichagua hindi jingine, "au nianze na aliyechukua mawili?"

Kajetani alitazama mawingu. Akarudisha mfuniko taratibu.

"Mvua hiyo inakuja," alisema. "Kila mtu kwake." Halafu, bila kumwangalia Lidwina, akaongeza, "Na mafiga yako, mama, yaache hapo hapo. Ukuta wenyewe nilikuwa nataka kuupaka rangi nyeusi."