Kidole Changu na Harusi ya Asumbi

Nyatichi wa Momanyi,
Soko la Ndizi, Rongo.
Jumatatu, baada ya kufunga biashara.

Kwa Pasta Cephas,
Kanisa letu la nyuma ya soko.

Mpendwa Pasta,

MINTARAFU: KUITWA MPIGA RAMLI MBELE YA WASHIRIKI, NA HARUSI AMBAYO BIBLIA IMEIKATAA

Natumaini hujambo, mama mchungaji hajambo, na goti lake limepoa. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unachemka. Na kwa sababu wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba mwenye neno na nduguye amwendee, nimeona nikuandikie kwa adabu kabla sijakuja kwa miguu.

Jambo lenyewe unalijua nusu. Sabato iliyopita mzee wa kanisa Ongeri alisimama wakati wa matangazo, akatangaza sufuria ya makambi iliyopotea, halafu bila kupumua akasema kati yetu yupo dada anayepiga ramli kwa Biblia. Jina hakutaja. Lakini alinikazia macho mpaka watoto wa Shule ya Sabato nao wakageuka kuniangalia. Sasa nimenyang'anywa uenyekiti wa Dorkasi, chama chetu cha akina mama wa kanisa, pamoja na ufunguo wa stoo. Na binti yangu Mellen amenitumia ujumbe kwamba harusi yake na Otieno itafanyika huko kwao Asumbi, Jumapili ya tatu kutoka sasa, nije nisije.

Mellen ndiye mtoto wangu wa pekee. Wiki tano hajanipigia simu, ananitumia ujumbe tu kama mtu wa benki. Hilo ndilo linaloniuma, Pasta. Mengine nayaandika kwa sababu nina haki.

Najua barua hii utaisoma mbele ya Baraza la kanisa, kwa hiyo nieleze kazi yangu ieleweke. Mtu akiwa na jambo zito, mimi huomba, nafunga macho, nafungua Biblia, naweka kidole. Aya iliyo chini ya kidole ndiyo jibu. Basi. Hakuna kibuyu, hakuna kauri, hakuna kuku mweusi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kufananishwa na Nchagwa. Nchagwa unamjua, yule mzee anayetupa kauri nyuma ya kinu cha posho na kuwaambia watu nani kawaroga. Mimi ndiye niliyeongoza akina mama wa Dorkasi tukaimba mlangoni pake mpaka wateja wakatokea dirishani. Sasa fikiria, kesho yake baada ya matangazo ya Ongeri, Nchagwa amepita kwenye meza yangu ya ndizi akanisalimia mbele ya watu: "Mwenzangu." Mwenzangu! Akasema hana kinyongo kwamba tunafanya kazi moja, ila anashangaa mimi nafunga macho, yeye angalau humwangalia mteja usoni. Nikampa kisogo, nikaanza kupanga ndizi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Tofauti ziko wazi. Yeye hulipwa, mimi silipwi. Akina mama huleta mayai kwa hiari yao, na mayai ni ya Dorkasi, isipokuwa yale yaliyopasuka njiani, hayo nilikula ili yasiharibike. Yeye hufanya kazi hata Sabato, mimi ni Jumatatu na Jumatano alasiri tu, na wanapanga foleni. Sema wewe kama hiyo ni kazi moja.

2. Semina yako ya unabii. Nilihudhuria jioni zote tisa, hata ile ya mvua. Ulituonyesha ile sanamu ya Nebukadneza kutoka kichwa cha dhahabu hadi vidole vya udongo, ukatuonyesha wanyama wenye pembe ukutani kwa projekta ya kukodi, na mimi nilisema amina kuliko mtu yeyote kwenye benchi letu. Siku ya maswali nikanyoosha mkono, nikauliza kwa heshima ni mnyama gani kati ya hao anayemhusu Otieno wa Asumbi. Watu wakacheka. Wewe hukucheka, na nakushukuru. Ulisema unabii haukuletwa kutuambia nani aolewe na nani. Ulisema umeletwa tumjue Mungu anayeshika historia, tutubu, tuwe na tumaini, na kwamba anayetaka kuikamata kesho mkononi anatafuta ramli, hata kama kitabu alichoshika ni kitakatifu.

Maneno mazuri, niliyaandika kwenye daftari. Lakini Pasta, kwani Mungu aliyewajua Wamedi na Waajemi, watu ambao hata simu hawakuwa nayo, atashindwa na kijana mmoja fundi wa injini za boti pale Sori?

3. Ushahidi kudharauliwa. Biblia ninayotumia ni ya marehemu mume wangu Momanyi. Alikuwa akiisoma kwa sauti kila asubuhi mimi nikifunga ndizi. Sauti niliisikia, mahali anaposoma sikuwahi kuuliza, ndizi hazingojei. Tangu tumzike, miaka sita sasa, naitumia mimi. Mwaka huu nimeiuliza mambo yangu mwenyewe saba mazito, na mara zote saba imefunguka mahali pamoja: Yeremia ishirini na tisa, ukurasa wa kushoto. Mara saba! Siku moja niliijaribu kwa kuifungua makusudi karibu na Mathayo, ikateleza yenyewe ikarudi kwa Yeremia. Ongeri anasema ni bahati. Basi alete yake tuone.

Mfano ni huu. Mellen aliniomba ile picha ya studio ambayo baba yake amembeba akiwa mchanga. Ndiyo picha pekee ya hao wawili. Alitaka aiweke kwenye kiti cha baba siku ya harusi. Sikuiona. Nikauliza Biblia, kidole kikaangukia pale panaposema mtanitafuta na kuniona, mkitafuta kwa moyo wote. Nikatafuta siku tatu. Nikapindua godoro, nikamwaga magunia, nikamwinua kuku anayeatamia. Wapi! Nikaelewa kwamba kuna moyo usio safi uliopita ndani ya nyumba, na aliyepita ni jirani yangu Caren, alipokuja kuazima chumvi. Nikamwambia hivyo sokoni, peupe. Tangu siku hiyo Caren hanisalimii. Kwa hiyo unaona neno linafanya kazi, ni picha tu ambayo haijapatikana.

4. Otieno. Mtu asiseme ni ukabila. Wajaluo nimewauzia ndizi miaka ishirini na sita, na wakati wa vurugu za uchaguzi ni jirani Mjaluo aliyesimama mlangoni mwangu akasema humu hakuna mtu, mimi na Mellen tukiwa chini ya kitanda. Otieno mwenyewe ni mpole, pombe hagusi, na Kikisii anakijaribu ingawa anakiumiza. Ni Mkatoliki, na wewe ulishasema huwezi kufungisha ndoa hiyo, ila mama hajakatazwa kuhudhuria. Kwao wanakula mumi, samaki asiye na gamba hata moja, ambaye sisi Wasabato hatumli. Hayo yote ningeyameza.

Shida ni siku wajomba zake walipokuja. Wazee wanne, suti, sukari, viatu vimepigwa rangi mpaka unajiona. Kuku alikuwa jikoni anaiva. Nikaomba udhuru, nikaingia chumbani, nikafunga macho, nikaweka kidole. Chini ya kidole: "Sikuwatuma."

Pasta, Mungu akisema hakuwatuma, mimi ni nani niwapakulie? Nikatoka nikawaambia. Mkubwa wao akaniuliza kwa upole, "Mama, kwani ni nani alipaswa kututuma?" Nikawafungulia mlango, wakaondoka na sukari yao. Mellen alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Mimi pia nililia, lakini chumbani. Yule kuku tulimla na Dorkasi, hakuwa mtamu.

5. Maombi yangu. Kwanza, Ongeri aniombe msamaha wakati uleule wa matangazo, mara tu baada ya sufuria. Pili, nirudishiwe ufunguo wa stoo. Tatu, kanisa liitambue Huduma ya Kidole kama idara, ipewe meza na benchi, kwa sababu wateja, yaani washiriki, wanasimama juani. Nne, wakubwa wetu wawaandikie wachapishaji watoe Biblia isiyo na zile orodha za mwana wa fulani mwana wa fulani. Dada Metrine aliuliza kwa Biblia yake mwenyewe kama afanyiwe upasuaji akapata majina kumi na manne, na mpaka leo hajui aende au asiende, anashika tumbo tu. Tano, Baraza liandike barua yenye muhuri kwa padri wa Asumbi kusimamisha harusi, maana kitabu chetu ni chao pia na kimeshasema. Na ikiwa Baraza litakataa, basi kila mzee wa kanisa aje mbele Sabato ijayo, afumbe macho, aweke kidole, na atakayepata aya mbaya ajiuzulu papo hapo. Tuone nani atabaki wa kukusanya sadaka.

Ili kumaliza ubishi, nitanakili sura yote ya Yeremia ishirini na tisa kwa mkono wangu, kuanzia aya ya kwanza, niiambatishe hapa. Baraza lijisomee lenyewe.

Msalimie mama mchungaji, kwaya, watoto wa Shule ya Sabato walioniangalia, wagonjwa wote, na mke wa Ongeri, mama mvumilivu. Ongeri naye msalimie, kidogo. Nchagwa usimsalimie.

Ni mimi dada yako katika tumaini, ninayedhulumiwa lakini sijarudi nyuma,

Nyatichi wa Momanyi,
Mwenyekiti wa Dorkasi (bado, kwa maoni yangu).

Baada ya sahihi: Pasta, leo ni Alhamisi. Barua imechelewa kwa sababu ya kule kunakili.

Nilikaa na kalamu nikatafuta aya ya kwanza, sikuiona. Ule ukurasa wangu unaanzia aya ya nane. Nikafunua nyuma nione mwanzo wa sura, nikakuta sura ya ishirini na saba. Nikasema haa, wachapishaji nao ni wezi. Halafu nikashika ile karatasi, nikaona ni nene. Ni karatasi mbili, zimegandana kwa uji. Uji wa wimbi wa makambi ya mwaka juzi, ulimwagika nikiwa nimekaa na Biblia mapajani, nikapangusa jalada nikasahau. Nikapitisha kisu polepole kama mtu anayemenya ndizi mbivu.

Picha ikaanguka.

Ilikuwa mlemle, ngumu kama kadi, ndiyo maana Biblia ilikuwa inafunguka hapo kila mara. Kona moja imekwenda na uji, viatu vya Momanyi havionekani. Uso upo. Mellen yupo mkononi mwake, amekunja ngumi.

Nikasoma sura yote, Pasta, kutoka juu hadi chini, macho wazi. Wale ambao hawakutumwa si wajomba wa Otieno. Ni manabii wa uongo, na wabashiri wanaowadanganya watu. Imeandikwa pale pale, mstari mmoja juu ya kidole changu. Watu kama Nchagwa. Na kama mtu mwingine ambaye jina lake liko juu ya barua hii.

Na ile sehemu iliyofichwa na uji ni barua kwa watu waliopelekwa kuishi mji usio wao. Wanaambiwa wajenge nyumba huko, wapande, wawaoze binti zao. Maneno hayo nayakumbuka, ndiyo Momanyi alikuwa akisoma kwa sauti mwaka ule tuliposhuka kutoka Nyamira na godoro moja. Nilidhani anasoma tu. Amepiga mstari kwa biro ya bluu chini ya wale binti, na pembeni ameandika kwa mwandiko wake wa kulala: "Mellen, siku yake ikifika."

Ombi la tatu, la nne na la tano yafute. La kwanza pia, Ongeri alisema kweli ingawa sura yake ilinikera. Ufunguo wa stoo sitaki tena, mpe Caren. Nimemwendea, nimemwomba msamaha sokoni, peupe vilevile, akanipa chumvi. Metrine nimemwambia aende hospitali kesho, nami nitamsindikiza. Wajomba wa Otieno nitawapikia kuku mwingine. Mumi sitakula.

Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu nilishaandika. Isome yote, usiweke kidole katikati.

Nilimpigia Mellen. Mara ya kwanza hakushika. Mara ya pili akashika, nikasema tu, picha ya baba nimeiona, naileta mwenyewe. Tukalia wote wawili mpaka salio likaisha. Sasa naona haya kumwuliza jambo dogo ambalo kila mama wa bibi harusi anapaswa kulijua. Tafadhali niulizie misa inaanza saa ngapi. Mimi sitaki kufungua kitu.