Mafundo Yanafaa Nini?

Jumatatu, 11 Novemba

Tumekwisha! Mkuu wa Chuo ametuita asubuhi, akatabasamu sana. Akitabasamu hivyo ujue kuna mtu anazikwa. Amesema Jumamosi chuo kinasherehekea siku yake ya kuzaliwa kwa maonyesho ya utafiti uwanjani, kila idara na hema lake. Vizuri. Kisha akasema idara itakayofika mwisho wa mwezi bila mwenzi wa utafiti kutoka kitivo kingine itafutwa, na walimu wake watahamia Kitivo cha Uchumi kufundisha hesabu za duka. Alisema "idara ndogo ndogo". Alikuwa ananitazama mimi.

Idara ya Hisabati Tupu ina walimu wawili. Mimi, Sasmito Adiwinarta, mtaalamu wa mafundo. Na mzee wetu Pak Gunarso, anayelala. Sisemi kwa ubaya. Anafika mapema, anavua viatu, analala kitini hadi adhana ya adhuhuri. Zamani alithibitisha jambo moja zuri sana kuhusu namba tasa, na nadhani bado anapumzika.

Mafundo ndiyo maisha yangu. Kamba ikiunganishwa ncha zake, fundo lililomo linaweza kufunguka bila kukata? Lipi ni ndugu wa lipi? Nimemaliza nusu ya umri humo na sijuti. Mke wangu Lastri nimemweleza habari ya leo. Ameniuliza, kwa mafundo yote hayo, mbona mfuko wa takataka hufunguka kila ninapoutoa mimi.

Nina mpango. Nitamfaa kila mtu.

Jumanne, 12 Novemba

Nimezunguka chuo kizima kama muuza tempe, ile mikate ya soya. Kitivo cha Uvuvi niliwaambia mafundo yangu yataokoa nyavu zao. Wakanijibu kwa adabu kwamba wao wanatafiti maradhi ya kambale wa bwawani, na kambale wa bwawani huchotwa kwa ndoo. Idara ya Lugha yuko mwalimu anayeandika kamusi ya lugha ya kisiwa kimoja, lugha iliyobakiwa na wazee wachache. Alinisikilizisha sauti ya bibi mmoja akitaja majina ya aina za mawimbi. Nikasahau kilichonipeleka. Kule Mifugo mbuzi alikula kielelezo changu cha kamba. Mwenye mbuzi, Pak Hendrarto, alifurahi! Akasema sasa ataangalia kitatoka vipi, huo nao ni utafiti.

Nimerudi kwa miguu nikiwaza. Yupo anayetafiti sikio la mbu. Yupo wa kodi zilizochongwa kwenye mawe ya kale. Yupo anayetaka kujua kwa nini pilipili ya mlimani huwasha kuliko ya bondeni. Tunachimba mlima mmoja, kila mtu na upande wake, na hakuna anayesikia jembe la mwenzake. Nikaona uchungu. Kisha nikapita mbele ya Kitivo cha Tiba, nikaona bango la Bu Ratnawulan, uchungu ukageuka hasira.

Bu Ratnawulan ni mama daktari, bingwa wa upasuaji wa mioyo ya watoto. Miaka mitatu iliyopita nililihutubia baraza la chuo kuhusu mafundo. Nilipomaliza akanyoosha mkono, akauliza mbele ya watu: "Pak Sasmito, yanafaa nini?" Ukumbi ukaangua kicheko. Mpaka leo nikila supu ya bakso kantini nakisikia kicheko kile. Baadaye alikuja kunibishia hodi ofisini, zaidi ya mara moja. Nilizima taa nikajikunja chini ya meza. Simpi nafasi, ng'o!

Alhamisi, 14 Novemba

Kamati ya maonyesho imemwita mfunga mvua! Novemba hii, mji wetu huu wa Malang, mvua kila alasiri. Mkuu wa Idara ya Hali ya Hewa ametoa utabiri, kwa michoro, kwamba Jumamosi itanyesha bila shaka. Aliyependekeza aitwe Mbah Karso, babu wa kule mlimani, aje aifunge ni yeye huyo huyo. Nikamuuliza anaaminije mambo mawili. Akasema yeye haamini lolote, ila mahema ni ya kukodi.

Mimi ni mtu wa ushahidi. Siamini. Lakini hema la Bu Ratnawulan ni la mwisho upande wa kaskazini, jirani na langu, naye ana moyo wa plastiki unaodunda. Unadunda kabisa! Nani atasimama kutazama kamba? Basi alasiri nikaenda kwa Mbah Karso na sigara za karafuu na kahawa, kama inavyopasa unapomtembelea mzee wa aina ile. Nikamwomba aifunge mvua uwanja wote, abakize kidogo tu.

Mbah akavuta sigara taratibu. Akasema mvua haifungwi kama bomba, husogezwa tu, na ikisogezwa lazima pawe na mahali pa kuipokea. Nataka ipokelewe wapi? Nikamwelekeza kama sote tunavyoelekezana hapa, maana kwetu hata chumvi mezani iko kaskazini au kusini mwa sahani. Hema la mwisho kaskazini, nikasema. Mbah akanitazama. "Wewe ni mwalimu wa nini, mwanangu?" Nikasema wa hisabati. "Ahaa," akasema, akamwita mkewe aje anione.

Ijumaa, 15 Novemba

Siku njema! Nimegundua kwamba Mkuu wa Chuo na wageni wa wizara wataingilia kaskazini. Hema la mwisho kaskazini ndilo la kwanza watakaloliona! Nikaenda mbio kwa Bu Nuraini wa kamati. Nikamwambia Bu Ratnawulan anaomba tubadilishane, kwa kuwa moyo wake unahitaji umeme na soketi iko kwangu. Uongo mdogo, ila soketi ni ya kweli. Vibao vikabadilishwa papo hapo.

Nimeingia nyumbani naimba. Lastri amesema akiniona nina furaha hivi, yeye huanika nguo ndani.

Jumamosi, 16 Novemba

Ombi langu kwa Mbah nililikumbuka asubuhi, nikiwa nimesimama chini ya hema la mwisho kaskazini nikitandika kitambaa cha meza. Nilikimbia kumtafuta Mbah. Alikuwa ameketi nyuma ya jukwaa, kafumba macho, na kamati imekataza asisemeshwe. Nikapunga mikono. Nikakohoa. Wapi!

Mvua ikaja. Uwanja wote ulipata manyunyu ya kuburudisha. Sisi tulipata mto. Sababu naijua: hema la mwisho liko chini ya paa la ukumbi wa michezo, na mfereji wa paa umetoboka. Ni mfereji! Naliandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye. Hema likajaa maji, likabonyea, likaanguka. Wageni wa wizara wakapita mbio chini ya miavuli. Mkuu wa Chuo alinikuta nimekumbatia rundo la kamba zilizolowa, akatabasamu. Pak Gunarso tulimtoa chini ya turubai, bado kalala.

Aliyetuokoa ni Bu Ratnawulan. Alituingiza hemani mwake, akatupa taulo na tangawizi ya moto, akanishukuru kwa soketi. Kunishukuru! Nikainywa ile tangawizi, ikaniunguza ulimi, nikaona nastahili.

Kisha akaokota kamba yangu moja, akawa anaigeuza mikononi. Akasema amenitafuta miaka mitatu. Lile swali la barazani lilikuwa swali. Alitaka jibu, wala hakuelewa watu walichekea nini. Akanionyesha uzi anaoshonea mioyo ya watoto, mwembamba kama unywele, unateleza. Akifunga, karibu kila mara fundo hushika. Mara chache halishiki, na hajui kwa nini, maana ukitazama kutoka juu yote yanafanana. Yupo mtoto, Kinanti, hajatimiza mwaka. Mwezi uliopita fundo moja lililegea ndani yake, ikabidi afunguliwe kifua upya. Bado ana upasuaji mmoja mbele. Bu Ratnawulan akairudisha kamba yangu mezani. Niliona haya, shajara yangu, haya ya kweli, mpaka masikio yakawaka.

Akaniuliza kama ningekubali kuwa mwenzi wake wa utafiti. Nikasema nitaangalia ratiba.

Jumapili, 17 Novemba

Sijala tangu asubuhi. Sebule imejaa nyuzi. Fundo la wapasuaji, ukivuta ncha moja kuliko nyingine, hujinyoosha na kugeuka fundo jingine kabisa, lenye kuteleza, na kwa juu huwezi kuyatofautisha. Hilo Bu Ratnawulan analijua, limo vitabuni mwao. Asilolijua ni lipi kati ya mafundo yao lisilogeuka hata mkono ukikosea. Na mimi najua namna ya kuuliza hilo! Nimeuliza hivyo maisha yangu yote, bila kujua nauliza kwa niaba ya nani.

Lastri alikaa chini na mimi, akanishikia ncha. Hakunidhihaki hata kidogo. Akataka kujua jina la mtoto. Habari za Mbah Karso anazo zote, amezipata sokoni kwa mke wa Mbah. Akasema tu kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe, ila kuna anayeingia akakuta maji.

Jioni nimelipata. Wala si fundo geni. Wazee wa kazi ile walilitumia, likaachwa kwa kuwa lina mzunguko mmoja zaidi na madaktari wana haraka. Nililia kidogo. Nikamwambia Lastri ni vitunguu. Hatukuwa na vitunguu.

Jumatatu, 25 Novemba

Wiki nzima wahandisi wamelivuta fundo letu kwa mashine. Nyuzi zimekatika, fundo halikuteleza. Makubaliano yamesainiwa. Idara imeokoka! Hisabati, tiba na uhandisi katika kazi moja. Pak Hendrarto naye ametuma salamu. Kamba ilitoka kwa mbuzi salama, na fundo lake halijafunguka.

Sasa Mkuu wa Chuo anaunda kituo cha utafiti wa pamoja, vitivo vyote humo. Kitakuwa na mkurugenzi mmoja, mwenye kiti cha kuzunguka. Wanaotajwa ni wawili, mimi na Bu Ratnawulan. Namheshimu mno yule mama. Ndiyo maana sipendi achoshwe na vikao. Usaili anaupanga Bu Nuraini, basi nimempelekea ndizi za kukaanga, nikamwomba uwe Alhamisi asubuhi, wakati Bu Ratnawulan huwa chumba cha upasuaji. Hiyo si hila. Ni kupanga muda tu.

Jumatano, 27 Novemba

Bu Ratnawulan amenipigia simu. Kesho asubuhi ni zamu ya Kinanti. Anataka niwepo, nivae gauni la kijani, nilitazame fundo kwenye skrini, nimwambie likianza kugeuka. Sauti yake ilikuwa ndogo. Anaogopa. Sikujua kwamba wapasuaji nao huogopa. Nikasema ndiyo, nitakuja, bila hata kufikiri.

Kisha nikakumbuka. Usaili! Nimejitia kitanzi kwa mikono yangu, mimi bingwa wa vitanzi! Nikamwendea Bu Nuraini ausogeze. Akasema siku hiyo niliichagua mwenyewe, tena kwa ndizi, na jopo limeshaalikwa.

Mchana kutwa nimekizunguka kiti kile kichwani. Nikakaa juu yake, nikazunguka. Lastri akaniuliza huyo mtoto ana kilo ngapi. Nikasema sijui. Akasema basi kesho nikamwone. Nitamtuma Pak Gunarso kwenye usaili anishikie nafasi, aseme nimechelewa kidogo. Nimemtilia maneno hayo kwenye karatasi mfukoni mwa koti.

Alhamisi, 28 Novemba

Limeshika!

Nilisimama nyuma yao. Moyo wenyewe mdogo, ungedhani shokishoki, na unadunda kwa juhudi, si kama ule wa plastiki. Bu Ratnawulan akafunga mzunguko wa kwanza, wa pili. Kwenye skrini nikaona fundo linaanza kuinama. Nikasema, "Bu, mvuto umezidi kusini." Muuguzi akanishangaa. Bu Ratnawulan hakushangaa, akalegeza upande wa kusini, akamaliza ule mzunguko uliozidi. Fundo likakaa. Tukasubiri. Likakaa tu. Nje, mama yake Kinanti alinishika mikono yote miwili, akaniita daktari wa moyo. Sikumsahihisha. Pale pale nikajiapiza: basi, hila mwisho leo. Nimeona mafundo yanafaa nini, na hakuna kiti duniani kinachofikia hapo.

Halafu nikafika ofisini.

Mkurugenzi wa kituo ni Pak Gunarso! Alikaa mbele ya jopo, akafumba macho. Hakumkatiza mtu, hakumsema mtu, hakuomba kitu. Wamesema hawajapata kuona mwanazuoni mtulivu na msikivu kiasi kile, ndiye hasa wa kuviunganisha vitivo vyote. Karatasi yangu haikutoka mfukoni. Kiti cha kuzunguka kimeshaletwa chumbani kwetu. Yumo, anakoroma, na kiti kinazunguka kidogo kidogo kila anapovuta pumzi.

Wahenga husema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Sawa, lakini wahenga hawakusailiwa na jopo lile. Jumatatu linakutana naye tena kumthibitisha. Mtu akiwa macho huzungumza, na akizungumza hukosea. Nimemwambia Lastri siku hiyo aniamshe mapema. Nitampelekea Pak Gunarso kahawa. Kali. Birika zima.